Watu wa Kujitolea Mtandaoni: Kwa Nini Huja, Kwa Nini Huondoka?



Msichana anayekimbia kukeketwa anaweza kupiga simu na kutaja jina la kitongoji chake, na bado wanaokwenda kumwokoa wasijue washike njia ipi usiku, kwa kuwa kitongoji hicho hakimo kwenye ramani. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukikusanya watu wa kujitolea kuchora vijiji vya Tanzania katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Aliye ng'ambo huchora nyumba na barabara akitazama picha za setilaiti. Aliye kijijini huongeza kwa simu yake majina ya shule, zahanati na makanisa. Miongoni mwa waliohitaji kazi hiyo ni nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana.

Wachoraji hao hawalipwi. Basi wanapatikanaje, na wanabakije?

Kwanza tuutazame mlango. Mwaka 2000 ilianzishwa ensaiklopedia ya mtandaoni iitwayo Nupedia, ambayo kila makala yake ilipaswa kupita hatua 7 za ukaguzi wa wataalamu. Hadi ilipofungwa mwaka 2003 ilikuwa na makala 25 hivi zilizokamilika. Wikipedia, iliyoanza Januari 2001 na kumruhusu yeyote kuandika, ilifikisha makala zipatazo 20,000 mwisho wa mwaka ule ule. Mtu huanza na kazi ndogo anayoweza kuimaliza leo.

Lakini kuingia si kubaki. Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na waandishi hai zaidi ya 50,000 mwaka 2007. Kufikia 2013 walibaki kama 31,000. Watafiti waliona kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakifutiwa kazi yao, mara nyingi kwa msaada wa programu za kompyuta, bila neno la maelezo. (Walimu wa kwaya wanalijua hili: anayekaripiwa siku ya kwanza ya mazoezi, ya pili haji.) Kosa la mgeni lisahihishwe na mtu, kwa jina lake, na upesi.

Kuhusu zawadi tuwe waangalifu. Mwaka 2009 hadi 2010 Google iliendesha shindano la kuandika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, zawadi zikiwemo kompyuta. Makala nyingi ziliandikwa, ila shindano lilipokwisha ni wachache walioendelea. Kwa maoni yetu, mfadhili anayetaka kusaidia agharamie bando, simu na posho ya mtu mmoja wa kujibu maswali ya wapya, kabla ya kufikiria tuzo.

Kijana wa kijijini huona jina la kwao likitokea kwenye ramani baada ya dakika chache tu, na hilo humtia moyo. Aliye ng'ambo hupata habari kidogo mno. Hapo kamati ya parokia ina kazi: kila robo mwaka imwandikie ramani yake ilitumikaje. Taarifa hiyo isitaje jina la msichana yeyote, isiwe na picha yake, wala isieleze mahali alikohifadhiwa.