Gari Dogo la Dizeli kwa Mkulima wa Ufipa: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Mahindi yakishauzwa na hela ikaingia mkononi, swali ninaloulizwa sana na vijana wa huku kwetu si la mbegu wala la viuatilifu. Ni hili: "Bwana shamba, ninunue kagari ka dizeli ka kubebea mzigo?"

Jibu langu si ndiyo wala hapana. Jibu langu ni swali: kwa mwaka mzima, gari hilo litatembea kilometa ngapi likiwa na mzigo unaolipa? Ukishindwa kujibu hapo, usinunue kwanza. Hela unayotaka kununulia gari Agosti ndiyo hela ya mbegu na mbolea ya Novemba, na mvua ikianza haimsubiri mtu anayetengeneza injini.

Basi tuanze somo.

1. Magari yenyewe ni yapi?

Wengi mnaifahamu kirikuu, yaani Suzuki Carry. Ni nzuri na haina gharama kubwa, ila inatumia petroli, injini yake ni ndogo (cc 660 kwa zile nyingi za Japani), na imetengenezwa kubeba kilo 350. Hayo ni magunia matatu na nusu ya kilo 100. Ukiiwekea nane, unachokula ni springi, breki na klachi.

Ukipanda ngazi moja unakutana na vigari vya dizeli. Kuna Toyota TownAce na LiteAce zenye injini ya 2C (cc 1,974) au 3C (cc 2,184). Kuna Mazda Bongo na Nissan Vanette, ambazo kwa matoleo ya kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ni gari moja lenye majina mawili. Nyingi zina injini ya R2 (cc 2,184). Juu yake kuna Hiace za 3L na 5L, hizo ni kubwa zaidi na bei yake ni nyingine.

Magari ya mizigo yaliyotoka Japani huandikwa nyuma uzito yanaoruhusiwa kubeba. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba utaisoma: 750kg, 1000kg na kadhalika. Soma hiyo namba, usisikilize maneno ya dalali. Na kumbuka gunia la lumbesa linazidi kilo 100, kwa hiyo usihesabu magunia tu, hesabu kilo.

Jambo moja la kujua: TownAce zilizotoka kuanzia 2008 zinatumia petroli. Maana yake ni kwamba TownAce ya dizeli utakayoikuta sokoni leo ni gari la umri mkubwa. Hununui mwaka wa gari, unanunua hali ya injini.

2. Dizeli au petroli?

Watu husema "dizeli inakula kidogo" wakaishia hapo. Tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, wewe weka za kwako.

Tuseme gari la petroli la ukubwa uleule linakula lita 13 kwa kilometa 100, na la dizeli lita 10. Umeokoa lita 3. Lita ikiwa shilingi 3,000, umeokoa shilingi 9,000 kwa kila kilometa 100. Sasa tuseme la dizeli linauzwa shilingi milioni 3 zaidi. Ili hiyo milioni 3 irudi, inabidi utembee zaidi ya kilometa 33,000.

Ukitembea kilometa 4,000 kwa mwaka, utasubiri miaka minane. Ukitembea 20,000, haifiki hata miaka miwili. Kwa hiyo dizeli ni ya mtu mwenye kazi ya kila wiki. Kama gari litalala uani kuanzia Septemba mpaka Mei, dizeli haikusaidii kitu.

Bei ya mafuta usikisie. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na kila wilaya ina yake. Huku tuko mbali na bandari, kwa hiyo ukichukua bei ya Dar es Salaam hesabu yako itakudanganya.

3. Kilometa moja inakugharimu kiasi gani?

Hapa ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu tunahesabu mafuta peke yake.

Tuseme gari umelipata kwa milioni 14, utalitumia miaka 5, halafu utaliuza milioni 6. Milioni 8 zimepotea, sawa na milioni 1.6 kila mwaka. Ongeza bima, leseni na mengineyo, tuseme 400,000. Jumla ni milioni 2 kwa mwaka, gari litembee lisitembee.

Mafuta ni shilingi 300 kwa kilometa (lita moja kwa kilometa 10). Oili, filta, matairi na fundi tuweke 200. Jumla 500 kwa kila kilometa.

- Ukitembea kilometa 4,000 kwa mwaka: 500 + 500 = shilingi 1,000 kwa kilometa.
- Ukitembea kilometa 20,000 kwa mwaka: 100 + 500 = shilingi 600 kwa kilometa.

Sasa peleka mahindi kutoka Laela hadi Sumbawanga mjini. Ni kama kilometa 95, kwenda na kurudi 190. Gari limebeba magunia 10 na limerudi tupu. Kwa mtu wa kwanza safari ni shilingi 190,000, yaani 19,000 kwa gunia. Kwa mtu wa pili ni 114,000, yaani 11,400 kwa gunia. Uliza Fuso linalopita hapo linatoza kiasi gani kwa gunia, halafu linganisha. Mara nyingi utakuta kwa mahindi mengi ya njia ndefu, Fuso linakushinda mbali.

Kumbe gari dogo kazi yake ni ipi? Ni hizi:

- Kutoa mazao shambani, mahali Fuso haliingii, mpaka ghalani au barabara ya lami.
- Mzigo wa bei nzuri na unaoharibika: viazi mviringo, mboga, mayai, kuku, maziwa.
- Kurudi na mzigo: mbolea, mbegu, chakula cha mifugo, bidhaa za maduka ya kijijini.
- Kubebea majirani kwa malipo siku ambazo wewe huna mzigo.

Vijana watatu au wanne wa kijiji kimoja wakiwa na gari moja na daftari moja la safari, zile kilometa 20,000 zinafikika. Kila mmoja akinunua la kwake, wote wanabaki kwenye 4,000.

4. Mwinuko wetu na injini

Ufipa si Pwani. Sehemu kubwa ya uwanda wetu iko mita 1,500 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa takriban asilimia 3 kila unapopanda mita 300. Kwa hiyo gari lililopanda vizuri Dar es Salaam likiwa na tani moja, huku limeshapoteza kama asilimia 15 hadi 18 ya nguvu. Usishangae likilemewa na kutoa moshi mweusi mlimani. Punguza mzigo, shuka gia mapema.

Pili, kwa mwinuko huu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mgandamizo, na mgandamizo unalindwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliochoka, hata wa bei ndogo, unaweza kukuulia injini. Hizi 2C na 3C zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi zikichemka. Tumia kulanti, na usikubali fundi aitoe thamostati eti injini ipoe.

Tatu, mteremko. Kutoka Ntendo kwenda Muze kule bonde la Ziwa Rukwa, au kushuka Kasanga Ziwa Tanganyika, unashuka mamia ya mita ukiwa na mzigo. Gia uliyohitaji kupandia ndiyo ya kushukia. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kuacha kushika. Hapo si gari tena linalopotea, ni watu.

5. Kukagua kabla ya kulipa

- Nenda asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha, rudi kesho. Dizeli mbovu hujificha ikishapata moto.
- Angalia moshi. Bluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi mwingi ni nozeli, pampu au chujio la hewa.
- Injini ikiwa baridi fungua rejeta, kisha iwashe. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi au silinda hedi.
- Ikiwa inanguruma, fungua mfuniko wa oili. Ikipumua kwa nguvu kama chimni, ringi zimekwisha.
- Pandisha kilima ukiwa na mzigo, dakika 20, jicho kwenye geji ya joto.
- Ukishanunua, badilisha mkanda wa taiming hata ukiambiwa ni mpya. Ukikatika, injini inaweza kufa hapohapo.
- Dizeli nunua kituo cha kuaminika. Iliyochakachuliwa inaua pampu.

6. Karatasi

Kama unaagiza nje, tumia kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na gari la umri mkubwa lina tozo ya ziada. Kama unanunua hapa nchini, hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, angalia madeni ya faini za barabarani, andikishianeni kwa wakili, na uhamishe umiliki TRA. Bima ni lazima. Ukibeba mizigo ya watu kwa malipo, unahitaji leseni ya LATRA.

Faida moja ya udogo: tangu mabadiliko ya sheria ya 2017, mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru wa mazao. Gari la tani moja linaingia hapo, mradi usizidishe. Pita halmashauri upate utaratibu wa sasa kabla ya safari.

Zoezi la nyumbani

Chukua daftari. Kwa miezi mitatu andika kila safari unayokodi: umetoka wapi, umekwenda wapi, kilo ngapi, umelipa kiasi gani. Zidisha mara nne, halafu rudi kwenye hesabu ya sehemu ya 3. Ila kama miezi hiyo ni ya mavuno tu, usizidishe. Endelea kuandika hadi mwaka uishe. Kabla ya yote, tenga pembeni hela ya pembejeo za ekari zako zote. Kinachobaki ndicho cha kuzungumzia gari.

Daftari likikuonyesha kilometa chache, endelea kukodi bila aibu, na hiyo milioni 14 ipeleke shambani au kwenye ghala. Likikuonyesha nyingi, kanunue, tena nenda na fundi wako mwenyewe, asubuhi na mapema.

Tukutane somo lijalo. Kazi njema.