Rola za Mazoezi ya Baisikeli na Matengenezo Yake

Mwezi wa Septemba, mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, katika nchi ya Rwanda, nayo ilikuwa mara ya kwanza kufanywa katika bara la Afrika. Mshindani wa mbio za namna hiyo, kabla ya kuitwa mstarini, mara nyingi huonekana akikanyaga pedali kwa nguvu huku baisikeli yake haisogei hata hatua moja. Chini ya magurudumu yake mna rola. Chombo hiki si kipya katika mchezo. Major Taylor, Mmarekani Mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja mwaka 1899, alipata kushindana juu ya rola katika majumba ya maonyesho, mbele ya watu waliolipa kiingilio ili watazame baisikeli mbili zisizokwenda popote.

Siku hizi rola hutumiwa nyumbani pia, hasa wakati wa masika au mahali ambapo malori hayampi mpanda baisikeli nafasi. Lakini rola zisizowekwa sawasawa humwangusha mwenyewe juu ya saruji, na aliyevunjika kiwiko hakimbii tena mbio za mwaka huo. Karibu kila kasoro yake yaweza kuondolewa kwa spana mbili, tambara na subira.

Kwanza yafaa kufahamu jinsi chombo kinavyofanya kazi. Rola ni tatu, zimeshikwa na fremu moja. Gurudumu la nyuma hukaa kati ya rola mbili, na la mbele juu ya rola moja. Gurudumu la nyuma huzungusha rola zilizo chini yake, na mkanda huchukua mwendo kutoka rola ya katikati mpaka rola ya mbele. Baisikeli husimama wima kwa kuwa mpandaji huigeuza usukani kidogo kidogo kuelekea upande inakotaka kuangukia, na gurudumu la mbele likisimama hawezi kufanya hivyo. Basi mkanda ukitoka, kuanguka hakuko mbali.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni la kipimo. Fremu ina matundu ya kusogezea rola ya mbele, kwa sababu baisikeli hazilingani urefu. Kitovu cha gurudumu la mbele chapasa kuwa juu kabisa ya kitovu cha rola ya mbele, au nyuma yake kwa sentimita 2 au 3. Rola ikiwa nyuma mno, gurudumu hutaka kuteremka mbele na kutoka. Ikiwa mbele mno, usukani huwa mzito na baisikeli hurudi nyuma. Kupima kwa macho hakutoshi. Timazi ya mwashi, au uzi wenye jiwe, ining'inizwe kutoka katika ekseli ya gurudumu, mpandaji akiwa amekaa juu ya kiti na kushikilia ukuta, na mtu wa pili atazame uzi unaangukia wapi. Rola ikisogezwa, na ihamishwe kwa idadi ile ile ya matundu upande wa kuume na wa kushoto. Wengi husahau jambo hili dogo, kisha hushangaa kwa nini mkanda hauishi kutoka.

Maana mkanda hautoki bure. Rola mbili zinazoungwa nao zisipolingana, mkanda hutambaa upande mmoja hata ukaanguka. Ndivyo ilivyo pia sakafu ikiwa na mabonde, kwa kuwa fremu hujipinda. Kipande cha ubao chini ya mguu wa fremu hutosha kuisawazisha. Mkanda uliolegea kwa uzee hufanya gurudumu la mbele kuchelewa, na mpandaji huona usukani ukiyumba bila kujua sababu. Wako wanaokata ukanda wa mpira wa ndani wa baisikeli na kuufunga fundo. Fundo hilo huruka kila lipitapo juu ya rola, na siku moja huutoa mkanda wote. Ni afadhali kununua ulio mzima. Tena, aliyeona mashine ya kusaga posho huenda akakumbuka mkanda uliopishanishwa kama tarakimu ya 8. Hapa haufai hata kidogo, kwa sababu kuupishanisha hugeuza mwendo, na gurudumu la mbele lingezungushwa kinyumenyume.

Ama kuhusu kelele na mtikisiko, shauri ni kuhesabu kabla ya kufungua nati yoyote. Mzingo wa gurudumu la kawaida hukaribia sentimita 210, na mzingo wa rola yenye upana wa sentimita 11 hukaribia 35. Kwa hiyo rola huzunguka kama mara 6 gurudumu likizunguka mara moja. Mshtuko ukija mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, kosa li katika tairi au rimu, wala rola haina hatia. Ukija upesi upesi, rola ndiyo iliyopinda au kubonyea.

Mngurumo ni habari nyingine. Mkanda utolewe, kisha kila rola izungushwe kwa mkono peke yake. Inayonguruma au kucheza upande upande, beringi zake zimekwisha. Namba ya beringi huandikwa ubavuni mwake, nayo yatosha kuonyeshwa dukani. Wakati wa kutia mpya ndani ya rola, isukumwe duara ya nje tu, kwa kipande cha bomba, maana kugonga duara ya ndani huumiza gololi kabla hazijaanza kazi. Nati za mwisho zisikazwe mno. Rola inayosimama mara tu iachwapo imebanwa.

Mafuta ya mnyororo yakidondokea tairi, gurudumu huteleza kando kana kwamba lipo juu ya tope. Tairi na rola zioshwe kwa maji na sabuni, zikaushwe. Jasho nalo lina chumvi, hivyo lifutwe.

Mwanafunzi huhofu kwamba akitoka juu ya rola ataruka hadi ukutani. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa kuwa baisikeli yenyewe haina mwendo wa kwenda mbele, ila magurudumu tu ndiyo yanayozunguka. Hatari iliyopo ni kuanguka ubavu. Kwa hiyo aanzie penye mlango, mkono mmoja ukishika mwimo, atazame mbele wala si chini, asiuachie mwimo mpaka magurudumu yamepata kasi.

Walio hatarini zaidi ni watoto. Mkanda unaokwenda huvuta kidole kidogo mpaka chini ya rola kwa muda usiotosha hata kupiga kelele, na mpandaji, akiwa anatazama mbele, hamwoni mtoto aliyetambaa nyuma yake. Mlango wa chumba ufungwe kabla ya kupanda, na chombo kikiisha kutumiwa kisimamishwe mahali pa juu, mkanda ukiwa umetolewa.