Pande Sawa, Eneo Si Sawa: Somo la Msambamba



Hesabu za mirathi tunazosoma darasani huishia kwenye mafungu: huyu nusu, yule sudusi. Lakini marehemu akiacha shamba, fungu hilo lazima likatwe ardhini, na hapo ndipo elimu ya maumbo inapohitajika. Tuchukue watoto wawili wa kiume, ambao kisheria mafungu yao ni sawa. Kila mmoja amekatiwa kipande chenye pande mbili za mita 50 na mbili za mita 30. Kamba imezunguka kote na vipimo vimelingana. Je, wamepata sawa?

Si lazima. Chukua vijiti viwili virefu vilivyo sawa na viwili vifupi vilivyo sawa, uvifunge kwenye ncha kwa uzi ili vifanye mstatili. Sasa sukuma upande wa juu. Umbo linalala na kuwa msambamba. Vijiti havikupungua hata kidogo, ila nafasi ya ndani imepungua, na ukiendelea kusukuma itakaribia kwisha kabisa.

Eneo la msambamba ni kitako mara kimo, na kimo si upande wa ubavuni. Ni umbali unaopimwa kwa pembe mraba kutoka kwenye kitako hadi upande wa mkabala. Kitako kikiwa mita 50, kimo hakiwezi kuzidi mita 30. Basi eneo kubwa kabisa ni mita za mraba 1,500, nalo hupatikana pembe zikiwa za nyuzi 90 tu. Pembe ikiwa ya nyuzi 30, kimo ni mita 15 na eneo ni 750, yaani nusu! Akitokea mtu na jibu la 1,600, mwambie apime upya.

Watahini nao hupenda kutega hapa. Wanakupa pande 50 na 30 na kimo 24, bila kusema kimo hicho ni cha kitako kipi. Majibu ni mawili: 50 × 24 = 1,200, au 30 × 24 = 720. Kimo kikiwa 40, jibu ni moja tu, 30 × 40 = 1,200, kwa kuwa 40 imezidi 30 na haiwezi kuwa kimo cha kitako cha 50.

Shambani kutafuta kimo ni taabu. Ni rahisi kuvuta kamba kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, yaani ulalo. Kwa kipande cha mstatili, ulalo wa kwanza na wa pili ni sawa, karibu mita 58.3. Tuseme kipande cha ndugu wa pili kina ulalo mfupi wa mita 40. Umekigawa katika pembetatu mbili za 30, 40 na 50, zenye pembe mraba, kila moja mita za mraba 600. Jumla ni 1,200. Amedhulumiwa mita za mraba 300, na kamba ya mzunguko isingemwonyesha.

Si ajabu kwamba al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), aliweka humo mlango wa kupima maumbo pamoja na sehemu ndefu ya wasia na mirathi.

Zoezi: Msambamba una pande za sentimita 13 na 5. Tafuta maeneo yanayowezekana (a) kimo kikiwa 4, (b) kimo kikiwa 12.