Taa ya Nyuma na Njia ya Kurudi

Ipo hitilafu moja ya gari inayowafanya watu waaminifu waanze kuzungumzia uchawi. Taa zote zimezimwa, dereva anakanyaga breki, na taa ya bamba la namba inawaka kwa unyonge. Au anawasha indiketa, na taa nzima ya upande ule inakonyeza, nyekundu na manjano kwa pamoja. Mwenye gari ananunua balbu mpya. Haisaidii. Ananunua taa nzima, plastiki na vyote, na bado.

Mafundi wa umeme wa magari hapa Ikutha huanzia kwingine: hutafuta waya wa eathi, kisha huomba msasa. Wana haki, na sababu yake inaanzia kwenye betri.

Betri ya gari ina volti 12. Maana yake ni kwamba inasukuma chembe za umeme, yaani elektroni, kutoka ncha moja, zipite kwenye waya na balbu, zirudi kwenye ncha ya pili. Wengi husema balbu inakula umeme. Haiuli. Elektroni zinazoingia kwenye balbu hutoka zote, bila hata moja kupungua. Kinachoachwa pale ni nishati tu. Wafikirie punda wa kuchota maji Mto Athi, wakifuatana kwenye kijia chembamba kinachozunguka: kushuka upande huu, kupanda upande ule. Ukiziba pa kupandia, msururu wote unasimama, hata punda ambaye bado hajaliona tope la mtoni.

Sasa tazama nyuma ya taa. Waya mmoja unaleta umeme wa taa za usiku, mwingine wa breki, mwingine wa indiketa. Wa kurudi, yaani waya wa eathi, ni mmoja kwa wote, na hauendi mbali: unaishia kwenye kijipete kilichofungwa kwa bolti kwenye bodi, karibu na buti. Ncha hasi ya betri nayo imefungwa kwenye bodi hiyo hiyo kule mbele. Chuma cha gari ndicho waya wa kurudi. Waliobuni mpango huu waliokoa shaba nyingi, lakini waliitundika kazi ya taa tatu au nne kwenye bolti moja.

Na bolti hiyo ina maisha magumu. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Ikutha na Mutomo sasa ni lami, lakini ukiiacha tu unakutana na vumbi jekundu na matuta yanayotikisa kila nati. Vumbi kavu peke yake halina neno. Likishika maji ya kuoshea gari, kutu inaanza kati ya kijipete na bodi, na kutu ni njia mbovu sana ya umeme.

Mbovu kiasi gani? Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827: volti ukizigawa kwa ukinzani unapata mkondo. Kwenye kitako cha balbu ya kawaida ya nyuma utasoma 12V 21/5W. Ndani yake mna nyuzi mbili, wa wati 21 kwa breki na wa wati 5 kwa usiku. Wati 21 kwa volti 12 ni mkondo wa ampea 1.75, kwa hiyo uzi wa breki ukiwaka una ukinzani wa omu 7 hivi. Weka kutu yenye omu 2 tu njiani. Volti 12 sasa zinagawanwa: balbu inapata 9 na kidogo, kutu inapata zaidi ya 2. Ungedhani mwanga utapungua kwa robo. Unapungua kupita nusu, kwa sababu uzi wa tungsteni hung'aa kwa joto la nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi, na joto likishuka kidogo mwanga huporomoka. Dereva aliye nyuma yako anaweza kudhani breki yako ni taa ya usiku tu.

Njia ya kurudi ikikatika kabisa, ule uchawi unaeleweka. Nyuzi zote mbili zinatumia kitako kimoja kurudishia umeme. Unapokanyaga breki, umeme unapita uzi wa wati 21, unafika kwenye kitako, unakuta pamefungwa. Mlango uliobaki ni uzi wa wati 5, kinyumenyume, hadi kwenye waya wa taa za usiku, na kutoka huko hadi taa ya bamba la namba au ya upande wa pili, ambako eathi ni nzima. Kila taa njiani inapata kijisehemu cha volti. Ndiyo maana zinawaka kwa unyonge.

Kazi yenyewe ni fupi. Zima kila kitu, utoe ncha hasi ya betri. Fungua skrubu au nati zinazoshika taa. Mara nyingi spana namba 10 na bisibisi vinatosha. Zungusha soketi itoke, sukuma balbu ndani huku ukiizungusha. Tazama vijipini viwili ubavuni mwake: kimoja kiko juu kuliko kingine, makusudi, ili isiingie kinyume. Wapo wanaoilazimisha, wakaishia na breki ya wati 5. Ukiupima uzi wa breki kwa mita, katika balbu nzima iliyopoa utasoma chini ya omu 1 badala ya 7. Si mbovu, tungsteni baridi huachia umeme kwa urahisi mno. Ndiyo maana pia balbu hupenda kufa wakati wa kuwashwa.

Kisha nenda kwenye bolti. Ifungue, sugua kijipete na bodi hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi kwa juu kuzuia unyevu.

Wanaotaka balbu za LED kwa breki wachague nyekundu, si nyeupe. Plastiki nyekundu ya taa haipaki mwanga rangi. Inameza rangi nyingine na kuiachia nyekundu ipite. Uzi wa tungsteni una nyekundu tele. LED nyeupe ina samawati na manjano nyingi lakini nyekundu haba, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga uliolipia inaishia ndani ya plastiki. LED ina faida moja ya kweli: inawaka papo hapo, ilhali tungsteni huhitaji takriban sekunde 0.2 kupata moto. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linalokufuata linakula mita 4 na ushee katika muda huo. Ila ukiiweka kwenye indiketa ya gari la zamani, itakonyeza kwa pupa, kwani rilei ya indiketa ikiona mkondo umepungua inadhani balbu moja imekufa.