Kiroboto Kwanza, Panya Baadaye

Wazee wangu na ndugu zangu wa vijiji vya machimbo ya Ituri, sikieni habari ya kiroboto.

Ugonjwa wa tauni unajulikana katika nchi hii tangu zamani. Asili yake ni mdudu asiyeonekana kwa macho, hukaa katika damu ya panya. Kiroboto akinyonya damu ile, wadudu huzidi ndani yake hata njia ya chakula ikazibwa. Basi njaa inamshika, anauma tena na tena, na kila akiuma anatapika ugonjwa katika kidonda. Panya akifa, mwili unapoa. Kiroboto hapendi baridi, anatoka kutafuta damu ya moto. Ndipo anakuja kwetu.

Mtu akiona panya wengi ghalani anashika fimbo au sumu, anawaua wote siku moja. Mimi nami nilifanya hivyo nilipokuwa mgeni wa kazi hii. Tuliua panya wa ghala la mahindi, tukacheka sana. Usiku hatukulala kwa viroboto. Hatukuugua, lakini kama panya wale wangalikuwa na tauni, labda nisingaliandika maneno haya.

Kwa hiyo watu wa afya wakileta unga wa kuua viroboto, utiwe kwanza katika mashimo, katika njia za panya na chini ya vitanda, mbali na chakula na watoto. Mitego ifuate siku watakayosema wao. Hata Marekani hutia dawa katika mashimo ya wanyama wa mbugani, jamaa ya kindi, ili tauni isiwamalize. Mnyama wanamwacha hai, kiroboto wanamwua.

Panya wa shamba hukimbilia nyumbani wakati wa mavuno na wa kuchoma majani. Jengeni ghala mbali na nyumba ya kulala, juu ya miguu ya mita 1, kila mguu uvikwe kofia ya bati.

Mkiona panya wamekufa ovyo, msiwashike kwa mkono; mwambieni kapita na munganga. Mwenye homa kali na uvimbe wenye kuuma katika kinena au kwapa apelekwe siku ile ile, maana dawa ikiwahi inaponya. Mwishoni mwa mwaka 2004, huko Zobia, tauni ya mapafu iliingia machimbo ya almasi, na wachimbaji wengi wakakimbilia mwituni. Tauni hiyo hupita kwa kikohozi; mgonjwa akikimbia anaifikisha kijiji kingine.