Usikimbie Kiburu na Dona: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Ajili ya Utumbo

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Baadhi yao, waliozoea vyakula vya asili, walilishwa kwa wiki mbili vyakula vya kizungu, mkate mweupe na soseji vikiwemo. Wengine, waliozoea vya mjini, wakarudishwa kwenye vyakula vya asili vya Kichaga, kama kiburu cha ndizi na maharage. Damu ya kundi la kwanza ilionyesha dalili za uvimbe mwilini zimepanda, na chembe za kinga zimelegea mbele ya vimelea. Kwa kundi la pili dalili hizo zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Wiki mbili tu zilitosha. Ndiyo maana hapa sibembelezi mtu.

Kula dona. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini huenda kwa kuku na ng'ombe, sisi tukabaki na wanga mweupe ambao karibu wote huishia kwenye utumbo mwembamba. Bakteria wema wanaishi mbele zaidi, kwenye utumbo mpana, na chakula chao kikuu ni nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga. Wao huzichachua na kutoa asidi. Mojawapo, butireti, ndiyo inayolisha chembe za ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe. Wakinyimwa nyuzinyuzi hawakai bure: kwa panya wa maabara imeonekana kwamba baadhi yao hugeuka wakaanza kula ute unaoufunika ukuta huo. Ute ukipungua, vimelea hupata njia ya kuufikia ukuta, na uvimbe huanza.

Usisage mahindi yenye ukungu. Chambua punje kabla ya kwenda mashineni. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, na kuku akilishwa punje hizo anaweza kukurudishia sumu kwenye yai.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, ndipo upike. Kunde, choroko na mbaazi pia. Kama hujazoea, anza na upawa mmoja kwa siku. Usijaze sahani siku ya kwanza, tumbo likaunguruma, kisha ukatangaza kwamba maharage hayakupatani.

Usifyonze chungwa ukatupa nyama yake. Tunalinunua barabarani limemenywa kwa kisu na kukatwa katikati, tunakamua maji mdomoni, makapi tunayatupa mtaroni. Nyuzinyuzi za chungwa ziko kwenye makapi hayo. Litafune lote. Na juisi iliyochujwa usiihesabu kuwa tunda hata kama umeikamua mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na nyuzinyuzi zisizopungua gramu 25. Kijiko cha mchicha pembeni ya ugali hakikufikishi huko.

Kunywa mtindi na togwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa watu vyakula vilivyochachushwa kwa wiki kumi: aina za bakteria tumboni ziliongezeka, na protini 19 za uvimbe zikapungua kwenye damu. Ule utafiti wa Kilimanjaro ulijaribu pia mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja, na ukaona dalili za uvimbe zikishuka. Hiyo si ruhusa ya kulewa. Pombe nyingi huuharibu utumbo huohuo unaotaka kuutunza.

Usimzawadie mtoto chipsi na soda kwa kufaulu mtihani. Unamfundisha kwamba makande ni adhabu. Linaniudhi hili kuliko mengine yote, kwa sababu hapo ndipo aibu ya kula viazi vitamu na mlenda inapopandwa.

Usimeze antibiotiki kwa kukisia. Mafua hayatibiwi nazo, lakini bakteria wema wanakufa. Na diklofenaki ya kila siku, bila daktari, huchubua tumbo na utumbo.

Usitumie chakula badala ya hospitali. Vidonda vya tumbo mara nyingi husababishwa na bakteria Helikobakta pailori. Hao wanatibiwa kwa dawa za hospitali, na juisi ya kabichi haiwaondoi. Mwenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, ambaye njia ya utumbo wake imebana asiongeze nyuzinyuzi bila kumuuliza daktari wake, kwani zinaweza kuuziba. Ukiona damu kwenye choo, ukiharisha kwa wiki kadhaa, au ukikonda bila sababu, kapimwe wiki hii hii. Dona litakusubiri.