Somo la Umeme Majumbani: Fyuzi ya Feni ya Kutoa Moshi

Nyumba zinazojengwa siku hizi Bukoba na Muleba aghalabu huwa na jiko na bafu ndani. Mvuke wa ndizi zinazochemka na moshi wa mafuta ya kukaangia samaki au senene huhitaji njia ya kutokea, na wenye nyumba wengine hufunga feni ndogo ukutani ili kuuvuta nje. Feni hiyo hutumia umeme kidogo, lakini hufanya kazi kwa muda mrefu, mahali penye mafuta na unyevu, mara nyingi bila mtu kuitazama. Kwa hiyo fyuzi yake yastahili kuchaguliwa kwa uangalifu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kazi kuu ya fyuzi ni kuulinda waya. Umeme ukipita kwa wingi kuliko uwezo wa waya, waya hupata joto, ganda lake huyeyuka, na moto unaweza kuanza. Fyuzi hukatika kabla ya waya kufikia hali hiyo, maadamu ukubwa wake umelingana na waya inayoulinda.

Hesabu yake ni nyepesi. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Feni ya wati 30 huchukua wati 30 kugawanya kwa volti 230, yaani takriban ampea 0.13. Fyuzi ya ampea 3 huweza kupitisha wati 690, kiasi kinachoitosha feni hiyo mara nyingi. Fyuzi ya ampea 13 hupitisha karibu wati 3,000, mzigo unaofaa birika la umeme au pasi. Waya laini wa milimita za mraba 0.5 hubeba ampea 3 tu, na ule wa 0.75 hubeba ampea 6. Ikiwa waya kama huo utawekewa fyuzi ya ampea 13, huweza kuungua wakati fyuzi ingali nzima.

Utaratibu wa kuweka fyuzi ndani ya plagi haupo katika kila nchi. Tanzania, kama Kenya na Uganda, ilirithi desturi ya Uingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilihitaji nyumba nyingi huku shaba ikiwa adimu. Ikakubaliwa kwamba waya mmoja uizunguke nyumba kama pete na kuhudumia soketi nyingi, ukilindwa na fyuzi ya ampea 30. Siku hizi huwa saketi breka ya ampea 32. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa waya mwembamba wa kifaa. Ndipo plagi ya pini tatu bapa, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 1947, ikapewa fyuzi yake yenyewe.

Rwanda na Burundi, zilizotawaliwa na Ubelgiji, hufuata desturi ya Ulaya bara. Plagi zao zina pini za mviringo, na ndani hazina fyuzi. Huko ulinzi hutegemea saketi breka zilizo kwenye meni swichi, na za soketi aghalabu huwa za ampea 16.

Kila desturi hujitosheleza ikifuatwa kikamilifu. Hatari huzuka zinapochanganywa, na mkoa uliopakana na Uganda, Rwanda na Burundi hauwezi kuikwepa hatari hiyo. Feni iliyonunuliwa ng'ambo ya Rusumo, au iliyokuja na bidhaa zilizotumika kutoka Ulaya, huwa na plagi ya pini mbili. Wengine huchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili pini hizo ziingie kwa nguvu. Kwa kufanya hivyo, waya mwembamba wa feni huunganishwa na saketi ya hadi ampea 32 bila fyuzi yoyote katikati. Adapta isiyo na fyuzi huleta hatari ileile.

Njia sahihi ni kukata plagi hiyo na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13, hivyo fundi hana budi kuibadilisha. Feni iliyofungwa moja kwa moja ukutani ipitie kisanduku cha swichi chenye fyuzi ya ampea 3, au ukubwa uliotajwa na mtengenezaji. Fyuzi hiyo ikae kwenye waya wa moto. Ikiwekwa kwenye waya wa nyutro, itakatika na feni itasimama, lakini umeme utabaki ndani yake ukimsubiri atakayeigusa. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya, msumari wala karatasi ya sigara.

Hata hivyo, fyuzi haiwezi kutambua kila hitilafu. Mafuta yakigandisha panga za feni, mota hukwama na kupata joto kali, lakini umeme inaovuta huenda usifikie ampea 3. Kwa sababu hiyo wananchi wanashauriwa kuchagua feni yenye kinga ya joto ndani ya mota, kuzima umeme na kusafisha panga mara kwa mara, na kuacha kuitumia feni inayonguruma au kunuka kuungua.

Kazi ya kufunga nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Moto ukitokea, umeme uzimwe kwenye meni swichi ikiwa panafikika kwa usalama, maji yasimwagwe kwenye kifaa chenye umeme, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.